Programu MARK na RMark kwa anayekadiria kunusurika kwa wanyama: hesabu safi, mradi faili lako liwe safi

Ndege aliyevishwa pete mwaka huu na mwakani asionekane, ana moja kati ya matatu: amekufa, amehamia kwingine, au yupo palepale na wavu wako umemkosa. Kazi ya kukadiria kunusurika kwa wanyama kwa kuweka alama na kukamata tena ni kulitenga hilo la tatu na mawili ya kwanza. Programu iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni MARK, ya Gary White wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Fort Collins, Marekani, iliyotambulishwa kwa makala yake na Kenneth Burnham mwaka 1999. Ni ya bure. Hapa tunaipima pamoja na RMark, kifurushi cha Jeff Laake cha lugha ya takwimu ya R, kwa sababu anayeanza leo hana haja ya kuhangaika na MARK peke yake.

Hukumu kwanza, maelezo baadaye: injini ya hesabu ni nzuri mno, dirisha lake la Windows limepitwa na wakati, na programu yote ina tabia ya kukujibu kwa upole hata ukiiuliza upuuzi. Haigombi. Ukiipa data iliyoharibika inakupa namba zenye tarakimu saba baada ya nukta, na kosa sanifu pembeni, kana kwamba kila kitu ni shwari.

Msingi wake ni modeli ya Cormack, Jolly na Seber, ya miaka ya 1964 na 1965, ambayo watumiaji huiita CJS. Ina parameta za aina mbili. Phi ni uwezekano wa mnyama kunusurika kutoka awamu moja ya ukamataji hadi inayofuata, na p ni uwezekano wa kuonekana iwapo yu hai na yumo eneoni. Kila mnyama ana historia yake ya 1 na 0: moja akionekana, sifuri asipoonekana. Chukua awamu tatu, phi iwe 0.56 na p iwe 0.90. Mwenye historia 111 alinusurika mara mbili na kuonekana tena mara mbili baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo uwezekano wake ni 0.56 × 0.90 × 0.56 × 0.90, yaani 0.254. Mwenye 101 tunajua alikuwa hai awamu ya pili ila tulimkosa: 0.56 × 0.10 × 0.56 × 0.90, yaani 0.028. Mwenye 110 alionekana awamu ya pili kisha akapotea, ama amekufa ama tumemkosa: 0.504 × (1 − 0.504), yaani 0.250. Aliyebaki na 100 anachukua salio, 0.468. Jumlisha zote nne upate 1. MARK inafanya hivi kwa kila historia kwenye faili, kisha inatafuta thamani za phi na p zinazoifanya data uliyonayo iwe ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi. Asiyeweza kuandika mfuatano huu kwa mkono kwa historia mbili tatu asifungue programu bado. Nusu saa ya kalamu na karatasi itamwokolea wiki nzima baadaye.

Hapo pia unaona kwa nini kugawanya waliorudi kwa waliovishwa pete hakufai. Kwenye mfano huu mgawanyo huo ungekupa 0.504, tofauti ndogo tu na 0.56, kwa sababu p ni kubwa. Lakini p ikiwa 0.40, hali ya kawaida kwa nyavu za msituni, mgawanyo utakupa 0.224, nawe utatangaza kuwa robo tatu ya ndege wanakufa kila mwaka ilhali zaidi ya nusu wako hai.

Sasa faili, maana ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Faili la MARK ni maandishi matupu yenye kiambishi .inp. Kila mstari una historia, kisha idadi ya wanyama wa kila kundi, kisha nukta-mkato. Ukiwa na makundi mawili, madume na majike, mstari unakaa hivi:

1101000 1 0;
0011110 0 1;

Wa kwanza ni dume mmoja, wa pili jike mmoja. Maelezo yako unayaweka kati ya /* na */, na ni busara kuweka namba ya pete humo mwanzoni mwa mstari ili uweze kurudi kwenye daftari la shambani. Ukisahau nukta-mkato, programu inaunganisha mstari huo na unaofuata, na ujumbe wa kosa utakuelekeza mahali ambapo si penye kosa. Mnyama aliyefia wavuni, au uliyemchukua usimrudishe, anaandikwa kwa idadi hasi: 0110000 -1 0, maana yake dume huyu alionekana awamu ya pili na ya tatu, na baada ya hapo hakuachiliwa. Wengi hawaijui alama hiyo ya kutoa, wanaandika 1, na kifo kilichosababishwa na wavu kinaingia kwenye hesabu kama kifo cha porini.

Mwiba mkubwa, hata hivyo, ni Excel. Historia 0011110 ukiiandika kwenye seli ya kawaida, Excel inaiona ni namba na kuifanya 11110. Sifuri za mbele zimekwenda. Hili walau linaonekana, maana urefu wa historia hautalingana na programu italalamika. Lisiloonekana ni lile la awamu nyingi: Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi huzigeuza sifuri. Utafiti wenye awamu 20 unapoteza 1 zote za awamu tano za mwisho kwa mnyama aliyeanza kuonekana awamu ya kwanza, urefu unabaki uleule, na programu haina la kusema. Matokeo yake ni kwamba wanyama wote wa zamani wanaonekana kufa kwa pamoja mwishoni mwa utafiti, na mtu anakaa kuandika aya nzima kuhusu ukame. Dawa ni kuifanya safu ya historia kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, au bora zaidi, kutoandika historia kabisa: weka mstari mmoja kwa kila tukio la kumwona mnyama, wenye namba ya pete na tarehe, na uiache R ijenge historia. Ukisoma CSV ndani ya R, andika colClasses=c(ch="character"), la sivyo R nayo itaifanya historia kuwa namba.

Mfano ambao kila anayejifunza MARK hupitia ni data ya ndege aina ya Cinclus cinclus wa mashariki mwa Ufaransa, ndege mdogo anayezama kwenye vijito vyenye mkondo mkali kutafuta wadudu. Ni ndege 294, madume 141 na majike 153, awamu saba za kila mwaka kuanzia 1981 hadi 1987. Zinakuja ndani ya RMark, hivyo huhitaji kuzitafuta. Andika:

library(RMark)
data(dipper)
dp <- process.data(dipper, model="CJS", begin.time=1981, groups="sex")
ddl <- make.design.data(dp)
ddl$Phi$mafuriko <- ifelse(ddl$Phi$time %in% c(1982, 1983), 1, 0)
m1 <- mark(dp, ddl, model.parameters=list(Phi=list(formula=~1), p=list(formula=~1)))
m2 <- mark(dp, ddl, model.parameters=list(Phi=list(formula=~mafuriko), p=list(formula=~1)))

Modeli m1, ya phi moja na p moja kwa miaka yote, inatoa phi ya 0.560 na p ya 0.903, kwa kosa sanifu la kama 0.025 kwenye phi. AICc yake, alama ya kulinganisha modeli ambayo ndogo ndiyo bora na ambayo huadhibu parameta nyingi, ni 670.87. Modeli m2 inatenga vipindi viwili vilivyoguswa na mafuriko ya 1983, yaani kutoka 1982 hadi 1983 na kutoka 1983 hadi 1984. Inatoa phi ya 0.61 kwa miaka ya kawaida na 0.47 kwa vipindi vya mafuriko, na AICc inashuka hadi 666.16. Tofauti ya 4.71 ina maana data inaiunga mkono modeli ya mafuriko mara kumi hivi zaidi ya ile ya phi moja. Modeli inayoacha phi na p zibadilike kila mwaka inapata 679.59. Ina parameta nyingi, na faida zilizoileta haitoshi kuzilipia.

Zingatia jinsi RMark inavyotaja miaka, maana watu wengi huteleza hapo. Kwenye phi, 1982 ni kipindi kinachoanza 1982 na kuishia 1983. Kwenye p, 1983 ni awamu yenyewe ya 1983. Kwa hiyo tukio moja la porini linabeba mwaka tofauti kwenye phi na kwenye p. Kabla ya kuendesha modeli yoyote yenye mwaka maalumu, chapisha ddl$Phi na uangalie kwa macho safu uliyoitengeneza. Ukiona 1 mahali pasipostahili, rekebisha kwanza.

Kulinganisha na dirisha la MARK ni rahisi. Kule, kazi ileile inaanza kwa majedwali ya PIM, pembetatu za namba zinazosema parameta ipi inatumika kwa kundi lipi la walioachiliwa na kwa kipindi kipi. Namba ikijirudia, parameta ni ileile. Kwa makundi mawili na awamu saba ni pembetatu nne zenye namba hadi 24. Kisha unajaza kwa mkono, seli kwa seli, matriksi ya muundo, yaani jedwali linalosema kila parameta inategemea vigezo gani. Kwa data ndogo inavumilika, na tunashauri mtu afanye mara moja ili aelewe kinachoendelea ndani. Kwa awamu 30 na makundi manne ni adhabu, tena adhabu inayozaa makosa, kwa sababu seli moja ikijazwa vibaya modeli inaendeshwa kama kawaida chini ya jina ulilolipa wewe mwenyewe. RMark inajenga matriksi hiyo kutoka kwenye fomula, kama ulivyozoea kwenye glm, na hati yako ya R inabaki kuwa kumbukumbu ya kila ulichofanya.

Ipo sehemu moja ambayo programu hukosea wazi, nayo ni kuhesabu parameta. AICc inategemea idadi hiyo. MARK huipata kwa kuchunguza kwa tarakimu matriksi ya Hesse, inayopima mpindo wa kilele cha uwezekano, na phi au p ikigota kwenye 0 au 1, mteremko unakuwa bapa na programu inadhani parameta hiyo haipo. Modeli yenye parameta 7 inahesabiwa 5, adhabu yake inapungua kwa takriban 4, inapanda juu ya orodha bila kustahili. Kiungo, yaani fomula inayozibana phi na p zibaki kati ya 0 na 1, kipo cha aina zaidi ya moja: kiungo cha sini huhesabu vizuri zaidi mipakani kuliko kiungo cha logiti, lakini hakifanyi kazi ukiwa na matriksi ya muundo yenye kitu zaidi ya mshazari wa moja-moja, na ukiweka mvua au uzito kama kigezo huna budi kutumia logiti. RMark inalitatua kwa kuhesabu safu zote za matriksi ya muundo. Hiyo nayo ina mtego wake.

Mtego wenyewe ni kipindi cha mwisho. Phi na p zote zikibadilika kila awamu, phi ya mwisho na p ya mwisho haziachani. Unachoweza kukadiria ni jibu la kuzizidisha hizo mbili tu. Kwa awamu saba una phi sita na p sita, 12 kwa hesabu ya vidole, lakini zinazokadirika ni 11. Hapo RMark itasema 12 na wewe urekebishe mwenyewe kwa adjust.parameter.count(m, 11). Kwa upande wa tafsiri, usiichapishe kamwe phi ya mwisho ya modeli hiyo. Dalili zake ni rahisi: kosa sanifu kubwa ajabu au sifuri kabisa, na phi na p za mwisho kufanana kama mapacha. Anayetaka kujua kunusurika kwa mwaka wa karibuni zaidi ana njia mbili, ama aibane p iwe moja kwa miaka kadhaa kama juhudi za kukamata zilikuwa sawa, ama arudi shambani mwaka mmoja zaidi.

Kabla ya kulinganisha modeli kwa AICc, pima kama modeli pana zaidi inaifaa data. Ndani ya MARK umo RELEASE, na RMark inauita kwa release.gof(dp). Unatoa vipimo viwili vikubwa. TEST 3 huuliza kama wanyama wapya wanaonekana tena baadaye sawa na wenye alama za zamani. Ikifeli kwenye sehemu yake ya SR, mara nyingi kuna wapita njia, wanyama waliokatiza siku ile na hawatarudi. TEST 2 huuliza kama kukamatwa leo kunabadilisha uwezekano wa kukamatwa awamu ijayo. Ikifeli, panya wamezoea karanga za mtego, au ndege wamejifunza wavu ulipo. Jumla ya kai-mraba ukiigawa kwa digrii za uhuru unapata ĉ, ile c yenye kofia. Ikiwa karibu na 1, endelea. Ikiwa kati ya 1 na 3, itumie kurekebisha: makosa sanifu yanazidishwa kwa kipeuo cha pili cha ĉ, na AICc inageuka QAICc. Ikizidi 3, tatizo ni muundo wa modeli, na kuzidisha hakutibu.

Usiichukulie hatua hii kama mapambo. Kwa data ya ndege wa Ufaransa, lau ĉ ingekuwa 2, kosa sanifu la 0.025 lingekuwa 0.035, na ile tofauti ya 4.71 baina ya modeli mbili ingeporomoka hadi kama 1.3. Habari ya mafuriko ingegeuka kuwa dokezo tu. Matokeo ya RELEASE ni marefu na yamepangwa kwa mtindo wa mashine za kuchapa. R2ucare, kifurushi cha Olivier Gimenez na wenzake, kinatoa vipimo hivyohivyo kimoja kimoja kwa majibu yanayosomeka, nasi tunakipendelea.

Ukigundua wapita njia, suluhisho linaingia ndani ya modeli: phi ya kipindi cha kwanza baada ya kuwekwa alama iwe yake, na ya vipindi vinavyofuata iwe nyingine. Ile ya pili ndiyo ya wakazi. Kwenye RMark unatengeneza makundi ya umri wa alama kwa add.design.data, type="age", bins=c(0,1,7), na usisahau right=FALSE. Ukiisahau, mipaka inahama hatua moja na kipindi cha kwanza kinaunganishwa na cha pili bila onyo lolote.

Kuhusu wapita njia, hakuna darasa zuri kuliko Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, ambako tangu 1969 ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvishwa pete wanaposhuka usiku wa ukungu kwenye mataa ya hoteli. Ni kituo chenye hazina kubwa ya takwimu za uhamaji, lakini mtu asijaribu kukadiria phi ya ndege hao kwa CJS. Wanakatiza. Anayekamatwa alfajiri jioni anaruka kuelekea kusini, na asiporudi wavuni mwakani hakuna kinachojulikana juu ya uhai wake. MARK itakubali faili hilo na kukupa phi ya chini mno. Itakuwa imekadiria kuondoka, na wewe utakuwa umeiita kifo. Hili ni la jumla: phi ya CJS ni kunusurika na kubaki eneoni kwa pamoja. Kwa vifaranga wanaotawanyika au simba dume wachanga wanaofukuzwa na kundi lao, phi ndogo haina maana ya vifo vingi. Ripoti iseme hivyo waziwazi.

Kinyume chake ni twiga wa Tarangire. Madoa ya twiga hayabadiliki tangu azaliwe, picha ndiyo pete yake, na wala haivuki mguuni. Derek Lee, Monica Bond na wenzao walitumia picha za aina hiyo, programu ya Wild-ID ya kulinganisha madoa, na MARK kukadiria kunusurika kwa twiga wa mfumo ule wa Tarangire. Data ya picha ina ugonjwa wake, ambao pete hazina. Ubavu wa kushoto na wa kulia wa twiga mmoja haufanani. Ukipiga picha ubavu wowote unaojitokeza, twiga mmoja anaingia kwenye faili kama wawili, na kila mmoja ana mapengo ambayo hayakutokea. Chagua ubavu mmoja tangu siku ya kwanza, usibadilishe. Kosa la kushindwa kulinganisha picha mbili za mnyama mmoja ni baya vilevile: anazaliwa mnyama mpya wa uongo mwenye 1 moja tu maishani, anaonekana kufa palepale, na phi inashushwa. Angalia idadi ya wanyama walioonekana mara moja tu. Ikiwa kubwa kupita kiasi, rudia kulinganisha kwa macho kabla ya kugusa MARK.

Utafiti wa misimu unaleta suala la urefu wa vipindi. MARK inachukulia kila kipindi kuwa 1 usipoiambia vingine. Ukipita shambani Februari, Juni na Oktoba, miezi minne minne, phi unayopata ni ya miezi minne. Ya mwaka ni phi hiyo kwa kipeo cha tatu: 0.97 ya msimu ni 0.913 ya mwaka, na 0.95 ni 0.857. Watu wamewahi kulinganisha phi ya msimu na phi ya mwaka ya utafiti mwingine na kushangilia. Kama mvua ilikuzuia na kipindi kimoja kikawa miezi sita, andika time.intervals=c(1, 1.5, 1) ndani ya process.data, kwa mpangilio wa vipindi vyako, na programu itapandisha phi kwa kipeo kinachostahili. Kumbuka vipindi ni pungufu kwa kimoja kuliko awamu. Na awamu yenyewe iwe fupi ukilinganisha na kipindi: ukamataji wa wiki mbili kwa mwaka ni sawa, wa miezi mitano kwa mwaka unachanganya walio hai mwanzoni na waliokufa katikati.

Kasa wanaotaga pwani ya Kenya na Tanzania wanahitaji kitu kingine tena. Jike hatagi kila mwaka. Huruka miaka miwili, mitatu au zaidi. Historia yake imejaa sifuri zisizo za kukoswa wala za kufa, na CJS ya kawaida itayumba. MARK inayo modeli ya muundo imara, iliyotokana na wazo la Kenneth Pollock la 1982: ndani ya kila msimu una ukaguzi mfupi kadhaa unaokupa p, na baina ya misimu unakadiria phi pamoja na uwezekano wa kutokuwepo kwa muda. Inafanya kazi, lakini inataka angalau kaguzi mbili ndani ya msimu, nzuri zaidi tatu au nne, na hilo lazima lipangwe kabla ya kwenda ufukweni. Alama za chuma za mbawa za kasa hudondoka pia. Weka mbili kwa kila jike na uandike kila unapomkuta na moja. Bila hivyo, kudondoka kwa alama kutahesabiwa kama kifo na hakuna modeli itakayoweza kukutenganishia baadaye.

Ufungaji. MARK ni ya Windows na inawekwa kwanza. RMark haiibebi, ni daraja tu. Ukiweka RMark peke yake kutoka CRAN, hazina ya vifurushi vya R, utapata onyo kwamba mark.exe haipo. Kama umeiweka kwenye folda isiyo ya kawaida, elekeza kwa MarkPath <- "D:/MARK" kabla ya library(RMark). Mwenye Linux au Mac anahitaji injini iliyokusanywa kwa mfumo wake na kuiweka kwenye njia ya mfumo, nayo si kazi ya dakika tano. Baada ya hapo haihitaji intaneti kabisa, jambo zuri kwa kambi isiyo na mtandao, na modeli za ukubwa wa zile za ndege wa Ufaransa huisha kwa sekunde chache kwenye laptopu ya kawaida. Vigezo vya mnyama mmojammoja, kama uzito, huipunguza mwendo sana, na havikubali pengo hata moja: aliyekosa kupimwa hupewa wastani au huondolewa.

Kero ya RMark ni mafaili. Kila modeli inaacha mark001.inp, mark001.out, mark001.res na mark001.vcv kwenye folda ya kazi, na kitu kilicho ndani ya R kinayategemea. Modeli 60 ni mafaili 240. Ukihamisha folda au ukayafuta kwa mkono, muhtasari wa modeli za jana unavunjika. Yafute kwa cleanup(ask=FALSE) tu, baada ya kuondoa kwenye R vitu usivyovitaka, na tumia folda moja kwa kila utafiti.

Mwongozo ulioandikwa na Evan Cooch na Gary White ni wa bure na una kurasa zaidi ya 1,000. Usiogope unene wake: sura za mwanzo kuhusu CJS, uhakiki wa modeli na modeli za mstari zinatosha kwa utafiti wa shahada ya uzamili, na zimeandikwa kwa subira adimu.

Anayetaka CJS tu bila kufunga MARK aangalie kifurushi cha marked, cha Laake na wenzake, kinachoendeshwa ndani ya R peke yake kwenye mfumo wowote na kwa kasi kwa data kubwa; kina modeli chache zaidi. Wa njia ya Bayes wanaandika modeli ileile kwa programu za JAGS au nimble, na wanapata uhuru wa kuongeza athari nasibu za mwaka, ila inabidi waandike kila mstari wenyewe. Kwa mwanafunzi wa vyuo vya Tanzania kama Mweka au SUA, mwenye pete 300, miaka sita na laptopu ya Windows, ushauri wetu ni RMark, data ya ndege wa Ufaransa kwanza hadi zitoke 0.560 na 0.903, kisha data yake. Namba hizo mbili zisipotoka, tatizo liko kwenye ufungaji au hati, na ni nafuu kuligundua hapo.